Jinsi ya Kuchagua Chelezo cha Uokoaji kwa Boti ya Matanga

Kila upepo unapokaribia kugeuka, na watu wakianza kutayarisha boti zao Kilifi, Mtwapa, Tanga na Msasani, maswali huwa yale yale. Ninunue chelezo cha watu wangapi? Cha begi au cha kasha? Dingi yangu, kile kiboti cha kufikia nchi kavu, haitoshi? Nimeletewa cha mtumba kwa bei nafuu, nikichukue? Mwongozo huu ni wako wewe mwenye boti ya futi 30 hadi 45 ambaye hujawahi kununua chelezo cha uokoaji (laifrafti), yaani chombo kinachojaa hewa cha kukimbilia boti ikizama, na unataka kung'oa nanga kwenda Pemba, Komoro, Nosy Be au Shelisheli ukiwa na kitu unachokiamini.

Nianze na msimamo wangu, maana utaukuta katika kila hatua. Wanunuzi wengi huanza na jina la kampuni. Mimi nakuomba uanze na fundi: nani atakifungua chelezo hiki, akikague na kukifunga tena, na yuko bandari gani? Chelezo hukaa miaka kimekunjwa gizani, kwenye joto na unyevu wa chumvi, halafu siku moja kinatakiwa kijae ndani ya dakika moja. Viking, Survitec na Plastimo zote ni kampuni za siku nyingi katika kazi hii, na si hizo peke yake. Ila hata chelezo bora kuliko vyote, kikikosa mkaguzi, ni mzigo tu juu ya sitaha.

Jambo la pili: chelezo ni kimbilio la mwisho kabisa. Katika mashindano ya boti za matanga ya Fastnet ya Agosti 1979, kwenye bahari ya kati ya Uingereza na Ireland, dhoruba ilizikuta boti njiani na 24 kati yake zikaachwa na mabaharia wake. Zilizopotea ni 5. Nyingine 19 zilikutwa baadaye zingali zinaelea. Mabaharia 15 wa mashindano yale walikufa, baadhi yao wakiwa wameshahama boti na kuingia kwenye vyelezo. Usiache chombo kinachoelea. Unahamia kwenye chelezo boti inapozama kweli, au inapowaka moto usioweza kuuzima.

KABLA HUJAANZA, ANDAA HAYA

- Orodha ya safari unazokusudia kufanya katika miaka 3 ijayo, na ile ya mbali kuliko zote uiwekee alama.
- Idadi ya watu watakaokuwa ndani ya boti katika safari hiyo ya mbali.
- Futi ya kupimia, na nusu saa ya kutambaa kwenye sitaha na ndani ya makabati ya nje.
- Mtu mwenye nguvu kidogo kuliko wote katika boti yako. Huyu utamhitaji hatua ya 5.
- Majina ya vituo vya ukaguzi vilivyo karibu nawe, pamoja na aina za vyelezo wanavyoruhusiwa kuvifungua.
- Bajeti ya miaka kumi. Bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama. Ukaguzi, fataki mpya za ishara ya dharura, betri na usafirishaji vitakudai kila baada ya muda.

HATUA YA 1: Angalia safari yako ya mbali kuliko zote

Kama unatembea Kilifi hadi Watamu, au Msasani hadi Bongoyo, unarudi jioni na nchi kavu unaiona muda wote, basi majaketi ya kuokolea, redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) inayosikika na dingi iliyojazwa hewa tayari vina uzito kuliko chelezo. Ukitaka chelezo pia, cha pwani kitatosha.

Ukivuka mlango wa Pemba mambo yanabadilika. Pale kina kinapita mita 800, mawimbi ya kusi yanakuja yakiwa yamejipanga, na mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini kwa kasi inayoweza kufika noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa) wakati wa kusi. Chelezo kilichoachiwa mbele ya Kilifi usiku kinaweza kuwa makumi ya maili kuelekea Somalia kabla jua halijatua kesho yake. Anayekutafuta anatafuta mahali ulipochukuliwa na maji, hatafuti mahali ulipozama. Kwa safari hizi usikubali chelezo cha pwani.

Safari za Shelisheli, Komoro na Madagaska ni bahari kuu, na huko hesabu kukaa majini zaidi ya siku moja. Na tafadhali acha ile kauli kwamba bahari yetu haina vimbunga. Hidaya ilipiga kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024.

HATUA YA 2: Hesabu watu, usizidishe

Nunua kwa idadi ya watu wa safari ile ndefu. Vyelezo vidogo vingi vya bahari kuu huanzia watu 4, kwa hiyo mkiwa wawili au watatu, chukua cha 4. Mkiwa wanne na safari ni ya siku nyingi, cha 6 kinaweza kukubalika.

Kosa la kawaida ni kudhani kikubwa ndicho salama. Uzito wa watu ni sehemu ya kinachokituliza chelezo. Mume na mke ndani ya chelezo cha watu 8 wamekaa kwenye chombo chepesi ambacho upepo unaweza kukiingia chini na kukibeba. Pia wanapoteza joto lao usiku, na usiku baharini unatetemeka ukilowa hata kwenye maji ya nyuzi 27.

Upande wa pili, usitegemee raha. Kiwango cha SOLAS, kile cha meli za kimataifa, kinampa kila mtu mita za mraba 0.372 za sakafu. Chora mraba wa sentimita 61 kwa 61 sakafuni, ukae ndani yake, kisha mwambie mwenzako akae kwenye mraba wa pili mbele yako. Magoti yenu yatakutana. Hivyo ndivyo "watu 4" inavyomaanishwa kwenye kibandiko.

Kama unabeba abiria wanaolipa, usijipangie mwenyewe. Nenda kwa mamlaka ya usafiri wa baharini ya nchi yako, yaani KMA Kenya, TASAC Tanzania Bara au ZMA Zanzibar, uulize kiwango wanachodai kabla hujatoa senti.

HATUA YA 3: Chagua kiwango

Hapa nadharia ni fupi. Utakutana na majina matatu.

ISO 9650-1, yaani Aina ya 1, ni chelezo cha bahari kuu kwa boti ndogo. Kina kundi A, lililotengenezwa kujaa hata kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na kundi B linaloanzia nyuzi sifuri. Kwa mtu asiyetoka kwenye maji yetu, kundi B linatosha. Ukipanga kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, nunua A, maana sakafu yake ina kinga ya baridi.

ISO 9650-2, yaani Aina ya 2, ni cha pwani. Ni chepesi na bei yake ni ya chini, nacho hakikutengenezwa kwa mawimbi ya bahari kuu.

SOLAS ni kiwango cha meli. Chelezo chake hujaribiwa kwa kuangushwa majini kutoka mita 18 na lazima kistahimili siku 30 kikielea kwenye hali zote za bahari. Ni kigumu kweli. Lakini kidogo kabisa ni cha watu 6, ni kizito kwa boti ya futi 35, na hukaguliwa kila mwaka.

Kwa wasomaji wengi wa mwongozo huu jibu ni ISO 9650-1. Chelezo kisichoandikwa kiwango chochote, hata muuzaji akisema "ni kile kile", kiache dukani.

HATUA YA 4: Tafuta fundi kabla ya kulipa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami naiona ni nzito kuliko zote.

Piga simu kituo cha ukaguzi. Mombasa ni bandari kubwa, meli zinazoingia pale zina vyelezo vinavyodai ukaguzi, kwa hiyo wahudumu wa kazi hii wapo. Usiulize tu kama wanakagua vyelezo. Uliza hivi: "Mna idhini ya kampuni gani? Mna vipuri vya modeli hii? Mtungi wa gesi mnaujaza hapa hapa au mnaupeleka nje? Mara ya mwisho mmefungua modeli hii lini?" Fundi mwenye idhini ya kampuni moja hana haki ya kukipigia muhuri chelezo cha kampuni nyingine. Ukigundua chelezo unachokipenda hukaguliwa nchi nyingine tu, hesabu gharama ya kukisafirisha kila mara, uone kama bado unakipenda.

Omba pia ruhusa ya kusimama kando siku wanapokagua kimoja, na usikatae hata kama umechoka. Fundi akikata ukanda na kufungua kasha, kwanza inakujia harufu ya raba na unga mweupe unaopakwa ili mikunjo isigandane. Anakijaza kwa hewa ya pampu, bila kugusa gesi, anakiacha kwa saa kadhaa na kurudi kusoma kipimo aone kama kimepungua. Anauweka mtungi kwenye mizani na kulinganisha na uzito uliogongwa kwenye chuma, maana gesi ikivuja uzito unasema. Anatoa fataki moja moja, anasoma tarehe, zilizopita anaziweka pembeni. Tochi anaiwasha. Visu, vibano vya kuzibia matundu, dawa ya kichefuchefu, vyote vinatandazwa sakafuni. Ukishayaona haya kwa macho yako, hutanunua tena chelezo kwa kuangalia picha.

Vyelezo vingi vipya vya boti ndogo huandikiwa ukaguzi kila miaka 3. Fuata maandishi ya mtengenezaji, lakini kama kasha lako linakaa juani na kupigwa na maji ya chumvi mwaka mzima, mimi nakushauri usingoje mpaka siku ya mwisho. Vile vya SOLAS, mbali na ukaguzi wa kila mwaka, hujazwa kwa gesi yake yenyewe kila baada ya miaka 5.

Na cha mtumba? Kinawezekana kwa masharti. Kifunguliwe na fundi mwenye idhini, wewe ukiwepo, kabla ya malipo. Kiwe na kitabu cha ukaguzi wa nyuma. Mtengenezaji awe bado anatoa vipuri. Kama kitambaa kimegandana kikatoa sauti ya kuchanika kinapokunjuliwa, au gundi ya mishono imegeuka kahawia na kunata, mshukuru fundi uende zako. Kilichopita miaka 12 mimi singekinunua, kwa sababu gharama za kukifufua zitakula tofauti yote ya bei.

HATUA YA 5: Begi au kasha?

Begi ni kwa chelezo kitakachokaa ndani, mahali pakavu. Kasha la faiba ni kwa chelezo kitakachokaa nje. Usichanganye. Begi lililoachwa juu ya sitaha linaingiza maji, na kasha ndani ya boti linakula nafasi na kushindwa kupita mlangoni.

Sasa mwite yule mtu mwenye nguvu kidogo. Chukua gunia au mtungi wa uzito sawa na chelezo unachotaka, mathalani kilo 35, uweke pale utakapokiweka, umwambie autoe mpaka kwenye reli ya boti. Kanuni za World Sailing, shirika la kimataifa la mchezo wa matanga, kwa mashindano ya bahari kuu zinataka chelezo kifike kwenye reli au kitupwe ndani ya sekunde 15, na cha begi kisizidi kilo 40. Hata kama hushindani, kipimo hicho ni kizuri. Akishindwa boti ikiwa imetulia bandarini, hataweza ikiwa imelala ubavu usiku.

Begi likishinda, liweke kwenye kabati la tezi (nyuma ya boti) linalofunguka kwa nje, peke yake. Kamba, vifaa vya dingi na ndoo zisiwe juu yake.

Kasha likishinda, mahali pazuri ni tezini, au juu ya paa la chumba nyuma ya mlingoti. Omo, yaani mbele ya boti, si mahali pake, mawimbi yatalivunja. Pima nafasi kwa futi kabla ya kuagiza, kisha pima tena ukiwa na vipimo vya kitako chake, kwa sababu kitako huwa kipana kuliko kasha.

HATUA YA 6: Kitazame kikiwa wazi

Mwombe muuzaji akuonyeshe kimoja kilichojazwa, au angalau video ya modeli hiyo hiyo. Angalia haya:

- Tyubu mbili, moja juu ya nyingine, na kila moja iweze kubeba watu wote hata kama ya pili imepasuka.
- Mifuko ya maji chini ya sakafu. Ndiyo inayokizuia kisipinduke. SOLAS inataka jumla ya lita 220 kwa chelezo cha hadi watu 10. Iwe mikubwa, imesambaa pande zote, na iwe na uzito kidogo chini ili ijae haraka.
- Ngazi au jukwaa la kupandia. Mtu aliyelowa, amechoka na amevaa jaketi hawezi kujivuta kwa mikono tu. Ngazi ya kamba laini huingia chini ya chelezo na miguu hubaki juu, kwa hiyo jukwaa lililojaa hewa ni bora zaidi.
- Paa linalosimama lenyewe, lenye rangi ya chungwa, mlango unaofungika, na kifereji cha kukinga mvua. Kwenye jua letu paa ndilo litakalokuweka hai.
- Mkanda chini ya sakafu wa kukirudisha sawa kikipinduka, kisu karibu na mlango, na nanga ya maji ya kukipunguzia mwendo.

Kuhusu mifuko ya maji sitaki upite haraka. Katika mashindano ya Sydney hadi Hobart, huko Australia, ya Desemba 1998, boti iitwayo Winston Churchill ilizama na watu wake 9 wakaingia kwenye vyelezo viwili. Kimoja kilipinduka, waliokuwa ndani wakalazimika kukata sakafu ili wapate hewa, na baadaye wimbi likawatupa nje. Watu 3 walipotea. Muuzaji akikuambia mifuko ni kitu kidogo, tafuta muuzaji mwingine.

Kuhusu dingi: haina paa, haina mifuko ya maji, na upepo unaipindua ikiwa tupu. Lakini usiidharau. Mwaka 1972 familia ya Robertson ya Uingereza ilizamishiwa boti na nyangumi magharibi ya Galápagos. Chelezo chao kilichakaa baada ya wiki mbili na kitu, wakahamia kwenye dingi ndogo ya faiba na kuokolewa siku ya 38. Chukua vyote viwili ukiweza.

HATUA YA 7: Vya ndani ya chelezo, na mkoba wa dharura

Vyelezo vya ISO huja na kifurushi cha chini ya saa 24 au cha zaidi ya saa 24. Vya SOLAS huja na A au B. Kifurushi A kina maji lita 1.5 kwa kila mtu, chakula, roketi za mwavuli 4, fataki za mkononi 6 na makopo 2 ya moshi. B hakina maji wala chakula, na fataki ni nusu.

Lita 1.5 kwenye jua la ikweta ni kidogo. Kwa hiyo jaza pengo kwa mkoba wa dharura unaoelea, unaokaa karibu na ngazi ya kutokea: maji ya ziada, redio ya VHF ya mkononi isiyoingia maji, tochi za kichwani, miwani ya anayehitaji, dawa za kila siku, kofia, mafuta ya kukinga jua, nguo za mikono mirefu, pasipoti. Madumu ya maji yajazwe kasoro vidole vinne ili yaelee.

Kitu kimoja kisikosekane: EPIRB (mtambo wa kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti) ya masafa ya 406 MHz yenye GPS. Isajiliwe kwa mamlaka ya nchi ya bendera ya boti yako, na namba za simu za jamaa ziwe za sasa. Mitambo ya zamani ya 121.5 MHz usiinunue, setilaiti ziliacha kuisikiliza tangu Februari 2009. Eneo letu lina kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini pale Mombasa, kilichofunguliwa 2006. Lakini hawawezi kukutafuta bila kujua ulipo. Chelezo bila EPIRB kinakuelekeza kungoja bahati.

HATUA YA 8: Kifunge sawasawa

1. Weka kasha upande ulioandikwa "juu" ukiwa juu. Matundu ya chini ni ya kutolea maji, usiyazibe kwa rangi wala gundi.

2. Funga kitako kwa boliti zinazopenya sitaha na kuwa na bamba upande wa ndani. Skrubu za mbao hazitoshi.

3. Funga ncha ya kamba ya kuvutia, ile inayokifyatua chelezo kijae, mahali imara pa boti, kamwe si kwenye nguzo za reli. Kamba ikiwa haijafungwa, utakitupa chelezo baharini na kukitazama kikienda.

4. Ukitumia kifyatuo kinachojifyatua chombo kikizama, fuata mchoro wake herufi kwa herufi. Kinafanya kazi kati ya mita 1.5 na 4 chini ya maji. Kamba ya chelezo hupita kwenye kiungo chekundu dhaifu ambacho hukatika chelezo kikishajaa. Ukiifunga moja kwa moja kwenye chuma cha sitaha, boti itakivuta chelezo chini nayo.

5. Andika tarehe ya kukifunga kifyatuo hicho. Vile vya kawaida vya kutupwa hudumu miaka 2, kisha unaweka kipya.

6. Kufuli! Najua wizi upo kwenye nanga. Ukilazimika kufunga kwa kufuli bandarini, kulifungua kuwe mstari wa kwanza kwenye orodha ya kuondoka, kabla hata ya kuwasha injini.

HATUA YA 9: Wafundishe wote kabla ya kutoka

Keti na kila mtu, watoto wakiwemo, kwa dakika kumi. Waonyeshe kamba ilipo. Waambie utaratibu: hakikisha kamba imefungwa, tupa chelezo upande wa demani (usiopigwa na upepo), vuta kamba yote mpaka iishe, kisha vuta kwa nguvu mara moja. Kamba inaweza kuwa na mita 9 au zaidi, na watu wengi huacha kuvuta katikati wakidhani kimekataa.

Kikishajaa, kivute ubavuni, aingie kwanza mtu mwenye nguvu ili awapokee wengine, na mkoba wa dharura uende naye. Ingia mkavu ukiweza. Usiruke juu ya paa. Msikate kamba mpaka wote wawe ndani na boti iko karibu kwenda. Ikikatwa, teremsha nanga ya maji mara moja, kisha kila mtu ameze dawa ya kichefuchefu, hata yule anayesema yeye hatapiki.

MATATIZO NA MAJIBU YAKE

Kinatoa mlio wa hewa baada ya kujaa. Mara nyingi ni kawaida, valvu zinatoa gesi iliyozidi. Ukiendelea na tyubu ikilegea, tafuta tundu na uweke kibano. Acha mlango wazi mwanzoni, gesi ile ni kabonidayoksaidi na haifai kuvutwa ndani ya paa lililofungwa.

Kimejaa kikiwa juu chini. Zungusha mpaka mtungi wa gesi uwe upande wa demani. Panda juu ya mtungi, uso ukielekea upepo, shika mkanda wa chini na egemea nyuma kwa uzito wako wote. Kikikuangukia, usihangaike. Sukuma sakafu juu kwa mikono upate hewa, kisha toka ukiogelea chali.

Tyubu zimelegea alfajiri. Mchana joto lilipandisha shinikizo na valvu zikatoa hewa, usiku ubaridi ukaipunguza iliyobaki. Ongeza kwa pampu ya mkono asubuhi na jioni. Si lazima kuwe na tundu.

Kamba imeisha lakini hakijafyatuka. Jifunge kwenye boti, kanyaga reli, uvute tena kwa mwili mzima. Mvuto wa mwisho unadai nguvu kuliko unavyotarajia.

Kasha linadondosha maji ya kutu. Maji yameingia na chuma fulani ndani kinaoza. Usisubiri tarehe ya ukaguzi, kipeleke wiki hiyo hiyo.

Ukanda wa kasha umekatika au muhuri umeng'oka. Usiufunge mwenyewe kwa kamba ya nailoni. Ukanda ule umepimwa ili ukatike chelezo kikijaa, kamba yako haitakatika.

Ukaguzi umepitwa na wakati na safari ni kesho kutwa. Ahirisha, au ukodishe kilichokaguliwa kama kinapatikana. Safari ya kurudi jioni ndani ya mwamba inaweza kuendelea kwa tahadhari, ya Shelisheli haiwezi.

Shirika la ndege limekataa kukipakia. Chelezo kina mtungi wa gesi na fataki, hivyo huhesabiwa kama mzigo hatari chini ya namba UN 2990, na huwezi kukileta kama begi la abiria. Mwambie muuzaji akitume kama mizigo yenye hati za UN 2990, au kije kwa meli. Agiza miezi kadhaa kabla ya msimu, na kikifika usikifungue kuonyesha wenzako; kipeleke kwanza kwa fundi asome tarehe, akiandikishe, kisha ndipo ukifunge kwenye kitako chake.